Mwanangu Amepekuliwa Mara Nne: Ni Marekebisho Gani Yatakayomfikia Barabarani?

Swali limetoka kwa mama mmoja mwenye asili ya Afrika Mashariki anayeishi kusini mwa London. Nimelifupisha:

"Mwanangu ana miaka 17. Ndani ya miezi saba polisi wamemsimamisha na kumpekua mara nne. Mara mbili aliambiwa ananuka bangi, mara moja kwamba anafanana na mtu anayetafutwa, na mara ya nne hakuambiwa sababu yoyote. Hawajamkuta na kitu hata siku moja. Tangu nifike nchi hii nasikia polisi watabadilika. Kuna mabadiliko yanayofanya kazi kweli, au tunalishwa maneno? Na mimi kama mzazi nishike wapi?"

Pole sana, mama, na pole kwa kijana. Mara nne kwa mtoto wa miaka 17 ni nyingi, na hapaswi kuzoea.

Yapo mabadiliko yanayofanya kazi, lakini mara nyingi siyo yale yanayotangazwa kwa kishindo. Katika miaka yangu ya kusoma rekodi za upekuzi na kukaa na polisi mezani, nimeona marekebisho yanashika pale tu yanapombana askari kwa maswali mawili: sababu yako ilikuwa ipi kabla hujamgusa mtu huyu, na nani ataisoma baadaye akiwa na uwezo wa kukuchukulia hatua? Mengine yote, semina, mabango na ahadi za wakubwa, yanategemea hayo mawili.

Nianze nyuma kidogo, maana mwanao amerithi mambo ya kabla hajazaliwa. Hadi mwaka 1981 polisi wa hapa walitumia kifungu cha sheria ya wazururaji ya mwaka 1824, ambacho vijana weusi walikiita "sus". Ilitosha askari aseme kwamba kijana alionekana ana nia ya kutenda kosa. Neno la askari lilikuwa ushahidi wenyewe. Kisha Aprili 1981 ikaja operesheni ya Brixton, eneo la kusini mwa London lenye watu weusi wengi, iliyoitwa Swamp 81. Askari waliovaa kiraia waliingia mitaani, na ndani ya siku chache walisimamisha zaidi ya watu 900, wengi wao vijana weusi. Brixton ikawaka moto. Jaji Scarman alipewa kazi ya kuchunguza, akatoa ripoti Novemba mwaka huohuo, na mwaka 1984 ikatungwa sheria ya polisi na ushahidi, PACE, ambayo ndiyo inayotawala upekuzi mwingi Uingereza na Wales mpaka leo.

Sheria hiyo, pamoja na ile ya dawa za kulevya ya mwaka 1971, inamtaka askari awe na shaka yenye msingi, yaani jambo halisi aliloliona, alilolisikia au aliloarifiwa, linaloweza kumfanya mtu mwingine yeyote mwenye akili timamu ashuku kwamba kuna kitu cha wizi, silaha au dawa. Hisia za moyoni hazitoshi. Kanuni zinazoambatana na sheria hiyo zinasema wazi kwamba rangi ya mtu, umri wake, mavazi yake au kwamba aliwahi kuhukumiwa si sababu, hata ukiyajumlisha yote, isipokuwa kuna taarifa mahususi inayomweleza mtu anayetafutwa.

Sasa tuziweke mara nne za mwanao kwenye mizani hiyo. Harufu ya bangi: mwongozo wa kitaifa wa polisi wenyewe unasema harufu peke yake, bila jambo jingine, kwa kawaida haitoshi kumpekua mtu. Kufanana na mtu anayetafutwa: hapo inategemea maelezo. "Kijana mwembamba, koti jekundu, begi jeupe, amekimbilia mtaa huu dakika tano zilizopita" ni maelezo. "Kijana mweusi mwenye kofia ya sweta" si maelezo. Huo ni mtaa mzima. Na ile mara ya nne asiyoambiwa kitu ndiyo nzito kuliko zote. Askari ana wajibu wa kumwambia mtu, kabla ya kuanza, yeye ni nani, anatoka kituo gani, anatumia sheria ipi, anatafuta nini na kwa nini. Asiposema, upekuzi huo unaweza kuwa haramu hata kama mfukoni kungekutwa kitu.

Utaniuliza: kama sheria ni nzuri hivyo, mbona hali ni hii? Mwaka 2013 wakaguzi wa polisi wa serikali walichukua rekodi 8,783 za upekuzi wakazisoma moja moja. Asilimia 27 hazikuwa na sababu ya kutosha kisheria. Tafakari hilo, mama. Askari amemaliza kazi, ana muda wa kufikiri, anaandika mwenyewe utetezi wake, na bado zaidi ya robo ya maandishi hayo hayana sababu inayosimama. Nyingi zilikuwa zimepita mikononi mwa wasimamizi, wakasaini.

Nimewahi kuketi kwenye kamati ya wananchi inayokagua upekuzi, jeshi la polisi lenyewe silitaji. Tunakaa jioni kwenye chumba cha mikutano, sajenti anawasha skrini, tunatazama picha za kamera anayovaa askari kifuani. Siku moja tuliona mvulana mwenye begi la shule. Askari anamuuliza kwa upole kabisa kama ana kitu asichopaswa kuwa nacho, lakini mkono wake tayari uko kwenye zipu ya begi. Ndani mlikuwa na daftari, chupa ya maji na kiatu kimoja cha mpira. Cha pili alikuwa amekishika. Kwenye fomu, sehemu ya sababu, iliandikwa: mhusika alitazama gari la polisi kisha akageuza uso. Mama mmoja wa kamati, mtu mzima asiye na papara, alimuuliza sajenti: "Na kama angeendelea kulitazama gari, mngeandika nini?" Sajenti hakuwa na jibu. Jioni hiyohiyo tulipanga fomu za askari mmoja kando kwa kando, tukakuta "harufu kali ya bangi, mhusika alionekana na wasiwasi" imeandikwa kwa maneno yaleyale, mpaka alama ya mkato, kwenye fomu nyingi za watu tofauti.

Askari yule aliitwa na msimamizi wake. Kwa miezi iliyofuata kila fomu yake ilisomwa kabla zamu haijaisha. Upekuzi wake ulipungua sana, na uliobaki ulikuwa na maelezo unayoweza kuyasoma ukaelewa kilichotokea. Hakuna aliyembadilisha moyo wake. Sijui moyo wake. Kilichobadilika ni kwamba alijua kuna mtu atasoma.

Ndiyo maana sishabikii sana hoja ya kupunguza idadi peke yake, ingawa najua wengi wanaoipigania wana nia njema. Mwaka 2014 Theresa May, akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alianzisha mpango wa hiari wa kuboresha upekuzi, na majeshi yote ya polisi Uingereza na Wales yakajiunga. Idadi iliporomoka. Mwaka 2010/11 upekuzi ulikuwa zaidi ya milioni 1.2, mwaka 2017/18 haukufika 300,000. Ni hatua kubwa, na mamia ya maelfu ya watu walinusurika na fedheha isiyo na sababu. Lakini mwaka 2014/15 mtu mweusi alikuwa na uwezekano wa kupekuliwa mara nne zaidi ya mzungu, na kufikia 2017/18 pengo hilo lilikuwa limepanda hadi mara tisa na nusu. Polisi walipopunguza, walipunguza zaidi kwa wazungu. Miaka ya karibuni pengo limeshuka tena, likawa chini ya mara nne mwaka 2023/24, lakini funzo la miaka ile lisisahaulike: unaweza kukata mti nusu na mizizi ikabaki palepale.

Mizizi ni uhuru wa askari kuchagua. Upekuzi mwingi hapa ni wa kutafuta dawa za kulevya, na mara nyingi hakuna aliyepiga simu kulalamika wala aliyeibiwa. Askari anaanza mwenyewe, kwa macho yake, kwenye mtaa aliopangiwa. Akipangiwa mtaa wenye watu weusi wengi, akiwa amezoea kuona kijana mweusi na bangi kama kitu kimoja, atapata anachokitafuta mara chache na atakosea mara nyingi, na zile chache ndizo atakazozikumbuka. Mwaka 1999 ripoti ya Macpherson, iliyotokana na mauaji ya Stephen Lawrence, kijana mweusi aliyeuawa na wabaguzi wa rangi London, iliuita huu ubaguzi wa kitaasisi: si lazima askari mmoja mmoja awe na chuki, kazi yenyewe imepangwa hivyo. Mwaka 2023 ripoti ya Louise Casey ililirudia neno hilo kuhusu polisi wa London. Imepita miaka 24 kati ya ripoti hizo mbili. Sioni namna ya kulisema hili kwa utulivu.

Kuna upekuzi mwingine usiohitaji shaka kabisa. Chini ya kifungu cha 60 cha sheria ya mwaka 1994, afisa mwenye cheo anaweza kutangaza eneo kwa saa kadhaa, na humo yeyote anaweza kupekuliwa kutafutwa silaha. Hapa lile swali langu la kwanza, sababu yako ipi, linafutwa na sheria yenyewe, na ndipo pengo la rangi limekuwa baya kuliko kwingine. Mpango wa 2014 ulibana: ruhusa itoke kwa afisa wa juu, muda uwe mfupi, wakazi waarifiwe. Kuanzia 2019 masharti hayo yalilegezwa, na mwaka 2022 yakaondolewa. Hiyo ndiyo kasoro ya mpango wa hiari: waziri mmoja anaujenga, mwingine anaubomoa, na Bunge halijapiga kura hata mara moja. Ningeweza kuomba jambo moja tu kwa wabunge, ningeomba masharti yale yaandikwe ndani ya sheria.

Tena nchi hii inajua kwamba nguvu isiyo na shaka huzaa matunda haba. Chini ya kifungu cha 44 cha sheria ya ugaidi ya mwaka 2000, watu zaidi ya 100,000 walipekuliwa mwaka 2009/10 pekee. Hakuna hata mmoja aliyekamatwa kwa kosa la ugaidi. Januari 2010 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilisema kifungu hicho kinavunja haki ya faragha, serikali ikalazimika kukisitisha. Sijamsikia askari hata mmoja mwenye uzoefu akikililia.

Najua, mama, kwamba moyoni una hofu nyingine ambayo hukuiandika. Kila mzazi ninayezungumza naye kusini mwa London anaogopa visu kuliko anavyoogopa polisi. Wengine hunishika mkono na kuniambia: afadhali apekuliwe kuliko azikwe. Sithubutu kuidharau hofu hiyo. Lakini tuangalie kama biashara hii inalipa. Watafiti waliochambua takwimu za London za miaka kumi walichapisha matokeo mwaka 2018: upekuzi ukiongezeka, uhalifu ulibadilika kidogo mno, na kwa makosa ya ukatili ilikuwa shida hata kuuona mchango wake. Kabla yao, Wizara ya Mambo ya Ndani yenyewe ilipima operesheni kubwa ya visu ya London iliyoanza mwaka 2008, ambapo upekuzi ulipandishwa sana katika baadhi ya maeneo. Haikuona tofauti ya maana kati ya maeneo hayo na mengine.

New York inasimulia hayohayo kwa sauti kubwa zaidi. Mwaka 2011 polisi wa huko walisimamisha watu mara 685,724, na karibu tisa kati ya kila kumi waliachiwa bila kukamatwa wala kuandikiwa kosa. Agosti 2013 Jaji Shira Scheindlin aliamua kwamba utaratibu ule ulivunja Katiba, akamteua msimamizi huru wa kuwafuatilia polisi. Wapo walioapa kwamba mitaa itageuka machinjio. Mwaka 2017 idadi ya waliosimamishwa haikufika 12,000, na mauaji yalikuwa yameshuka kutoka 515 mwaka 2011 hadi 292. Sidai kwamba kuacha kupekua ndiko kulikoleta amani. Mauaji yana sababu nyingi. Ninachosema ni kwamba maafa yaliyotabiriwa hayakuja.

Mfano ninaoupenda zaidi ni mdogo na wengi hawaujui. Fuenlabrada ni mji jirani na Madrid, Hispania. Mwaka 2007 na 2008 polisi wa mji huo waliingia kwenye majaribio: kila anayesimamishwa anaandikiwa fomu yenye sababu na uraia wake, anapewa nakala, takwimu zinachambuliwa, na polisi wanaketi na wawakilishi wa wahamiaji kuzijadili. Kabla ya hapo walikuwa wakisimamisha watu zaidi ya 900 kwa mwezi, na ni asilimia 6 tu waliokutwa na kosa. Baadaye waliosimamishwa walipungua hadi wasiofika 400 kwa mwezi, na waliokutwa na kosa wakapanda hadi asilimia 17. Wamoroko walikuwa wakisimamishwa karibu mara kumi zaidi ya Wahispania. Ikawa mara tatu na kitu. Askari walewale, mitaa ileile. Walipolazimika kuandika sababu na kujua itasomwa, walianza kuchagua vizuri zaidi, na hata uhalifu waliukamata kwa uwiano mkubwa zaidi.

Uskoti nayo iliziba tundu lililokuwa wazi kwa miaka mingi: upekuzi wa "ridhaa", ambapo askari anasema tu, naweza kuangalia mifukoni? Mtoto wa miaka 12 mbele ya askari wawili ana ridhaa gani? Tangu Mei 2017 upekuzi wa aina hiyo umepigwa marufuku. Askari awe na sababu ya kisheria au amwache mtu aende zake.

Kuhusu mafunzo ya kuondoa upendeleo na kamera za kifuani nitapita haraka. Mafunzo ya siku moja husahaulika. Kamera ni nzuri endapo tu kuna anayeitazama video na askari hana hiari ya kuiwasha akipenda.

Lakini kuhusu watoto siwezi kupita haraka. Desemba 2020, katika shule moja ya Hackney, mashariki mwa London, msichana mweusi wa miaka 15, anayejulikana kwa jina la kulinda utambulisho wake, Child Q, alivuliwa nguo na kupekuliwa na askari wa kike akiwa kwenye hedhi, bila mzazi wala mtu mzima wa kumsimamia, kwa sababu walimu walihisi harufu ya bangi. Hakukutwa na kitu. Harufu, mama. Ileile aliyoambiwa mwanao. Kamishna wa Watoto alipofuatilia, alikuta watoto 650 walivuliwa nguo na polisi wa London kati ya 2018 na 2020, na kati ya wavulana, asilimia 58 walitajwa na polisi kuwa weusi. Ndiyo maana nasema sababu dhaifu mlangoni haiishii mlangoni. Ukiiruhusu harufu itoshe barabarani, kesho itatosha chumba cha shule.

Na bado kuna tundu lisilozibwa: magari. Sheria ya barabara ya mwaka 1988 inampa askari uwezo wa kusimamisha gari lolote bila kutoa sababu, na hakuna sheria inayomlazimisha kurekodi rangi ya dereva. Kisichoandikwa hakihesabiwi. Mwanao akianza kuendesha, utayaona.

Sasa wewe ushike wapi. Anza na karatasi. Kila aliyepekuliwa ana haki ya nakala ya rekodi, na anaweza kuiomba ndani ya miezi mitatu tangu siku hiyo, kwa hiyo hesabu tarehe leo. Huenda mbili kati ya hizo nne bado ziko ndani ya muda. Andikia jeshi lililohusika, taja tarehe, saa kwa makadirio, mahali, na nambari ya askari kama kijana anaikumbuka begani. Omba pia video ya kamera ihifadhiwe, maana zisizoombwa hufutwa. Ukipata rekodi, nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya sababu na usome kama alivyosoma yule mama wa kamati: je, mtu nisiyemjua angeshuku kitu kwa maneno haya? Kama hapana, andika malalamiko kwa jeshi lenyewe ukinukuu sentensi hiyohiyo yao. Usipambe, usitukane, maneno yao yatakusemea. Ukijibiwa vibaya, barua ya majibu lazima ikuambie rufaa inapelekwa wapi. Kwa ile mara ya nne, tafuta wakili wa kesi dhidi ya polisi. Vituo vya sheria vya mitaa vina wanaosikiliza bure.

Mwambie kijana: asikimbie, asisukume, mikono ionekane. Aulize kwa sauti ya kawaida, "Nimezuiliwa? Kwa sheria ipi? Mnatafuta nini?" Halazimiki kutaja jina wala anwani kwa sababu tu anapekuliwa. Barabarani, mbele ya watu, wanaweza kumtaka avue koti la juu, jaketi au glovu, si zaidi ya hapo. Akifika nyumbani aandike papo hapo kabla hajala.

Kisha, ukipata nafasi, ulizia kamati ya wananchi ya kukagua upekuzi katika eneo lako na uombe kujiunga. Nyingi zina viti vitupu, na waliopo mara nyingi ni wastaafu ambao mtoto wao hajawahi kusimamishwa. Uliza maswali matatu kabla ya kukubali: rekodi zinachaguliwa na nani, tunaona video au maandishi tu, na askari akikutwa amekosea tutaarifiwa hatua iliyochukuliwa? Wakikujibu kwamba polisi ndio wanaochagua rekodi, jiunge hivyohivyo, na siku ya kwanza omba zichaguliwe kwa bahati nasibu.